Waliojifunza Jina la Mwavita

Haya yalimpata mama yangu mudogo, Mwavita, aliyemfuata mama yangu kwa kuzaliwa. Sehemu kubwa alinisimulia mwenyewe, huku akimenya mihogo, bila kupandisha sauti wala kuniangalia usoni. Sehemu iliyobaki niliiona kwa macho yangu, na hiyo ndiyo nisiyopenda kuitaja watoto wakiwa karibu.

Ilikuwa Ijumaa kama Ijumaa nyingine za Kindu. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, barabara zikawa tope jekundu, kisha jua likatoka kali. Mke wangu alikuwa amepika sombe, majani ya muhogo, kwa mafuta ya mawese. Mama Mudogo Mwavita alikaa mlangoni kwetu na kanga mpya mabegani, akingoja nimpeleke kwenye shule ya sanaa, ambako binti yangu Mounira anajifunza kufinyanga. Siku hiyo wanafunzi walikuwa wanaonyesha kazi zao, na Mounira alikuwa ameapa kwamba kama bibi yake huyu hatakuja kutoka Lubutu anakoishi, na yeye hataonyesha kitu.

Nilimuuliza kabla hatujapanda pikipiki. "Mama Mudogo, utaweza kuingia mule?"

Alijifunga kanga vizuri. "Nitaweza, Soudi. Ile njo matofali tu."

Nilimuuliza kwa sababu shule hiyo iko kwenye magodauni ya zamani karibu na mto, yale ya matofali mekundu yaliyojengwa wakati wa Wabelgiji, yenye kuta nene na baraza ndefu ya matao. Na kila mtu wa umri wangu Kindu anajua magodauni yale yalikuwa nini wakati wa vita.

Wakati huo Mwavita alikuwa ameolewa na Twaibu, fundi wa cherehani. Hawakuwa wamepata mtoto bado. Twaibu alikuwa mtu wa maneno machache, na Mwavita wa siku zile alikuwa mtu wa maneno mengi, hata mama yangu alikuwa akimwambia apumue kidogo. Nyumbani, mlango ukishafungwa, Twaibu alikuwa akimwita Kasuku. Lilikuwa jina la chumbani. Mama yangu hakulijua, mimi sikulijua, na mbele ya watu Twaibu hakulitamka hata mara moja.

Kisha mji ukazingirwa. Treni haikuja tena, mashua hazikupanda mto, chumvi ikapotea sokoni. Askari waliokuwa wameshika mji walikuwa wakikamata wanaume barabarani ili wawabebee mizigo, na wale ambao zamu yao ya kubeba haijafika walifungiwa magodauni. Twaibu alikamatwa akiwa na suruali ya mteja mkononi, anaipeleka.

Kila siku Mwavita alikwenda na bakuli la chakula. Askari wa mlangoni alilipokea, akaingia nalo, akalirudisha tupu. Hakusema kamwe nani amekula. Siku moja tu, mlango ulipofunguliwa kidogo, Mwavita alisikia watu wengi wakikohoa ndani, kikohozi kikavu, kimoja kikipokea kingine. Kisha ukafika asubuhi akakuta milango yote iko wazi na hakuna askari. Hakuna mtu. Aliingia chumba hadi chumba akiita. Katika chumba cha mwisho, kile kilichoelekea mtoni, sakafu ilikuwa imeoshwa. Mji mzima haukuwa na sabuni, lakini sakafu ile ilinuka sabuni.

Wengine walimwambia wanaume walipakiwa mashuani. Wengine walinyamaza tu. Alingoja mpaka risasi zilipofika mtaa wake, ndipo akakimbia na watu kupitia Lokandu, msituni, wiki baada ya wiki. Wakulima wa Obokote walimpa mihogo na mahali pa kulala alipoumwa. Mwishoni alifika Lubutu, akabaki huko. Wanaume walimposa, akawakatalia wote kwa jibu lile lile: "Mimi si mujane. Nani aliona maiti?"

Miaka ikapita, na maneno yakamwisha. Jirani yake Adolphine, mama wa Butembo mwenye duka la nguo, aliwahi kuniambia kwamba wiki nzima inaweza kupita bila kusikia sauti ikitoka kwenye nyumba ya Mwavita, hata ya kufukuza kuku.

Basi huyo ndiye aliyeshuka kwenye pikipiki yangu Ijumaa ile, akasimama mbele ya matao yaliyopakwa chokaa, akayatazama.

Siwezi kusema mahali pale panatisha. Watoto wamejaa kila upande. Chumba kimoja wanapiga ngoma, kingine wanachora, na ukutani mwa baraza kuna picha kubwa za mto na treni na wanawake wa sokoni. Mwalimu wao, Godefroid, mtu mrefu mwenye rangi kwenye nywele, alikuja mbio kutupokea.

"Maman, karibu sana, karibu. Mounira anatuimbiaka jina lako kila siku."

Alituzungusha. Mama Mudogo aliitikia kwa kichwa. Aligusa mitungi ya Mounira, akatabasamu kidogo, na Mounira akafurahi mpaka akafunika uso. Kisha tukafika chumba cha mwisho. Mlango wake ulikuwa mzito, wa mbao za zamani zenye misumari mikubwa. Ndani hakukuwa na mwanafunzi. Kwenye mbao zilizopangwa ukutani kulikuwa na vichwa vya udongo, ukubwa wa vichwa vya watu, vikingoja kuchomwa.

"Hapa tunakaushiaka," Godefroid alisema. "Kufundisha hapana. Watoto hawapendi kukaa. Wanasema baridi."

Niliviangalia vile vichwa. Kila kimoja kilikuwa mdomo wazi. Nikamuuliza Godefroid kama ni vichwa vya watu wanaoimba.

Alicheka, lakini si cheko la moyoni. "Watoto wanatengeneza midomo yenye kufungwa, baba Mounira. Mimi mwenyewe nawaonyeshaka. Kesho yake tunakuta iko hivi. Ni watoto, wanachezaka." Akavuta mlango. "Ufunguo niko nao mimi tu, lakini unajua watoto."

Saa ya sala ilipofika nilikwenda msikitini. Godefroid alitoka kuwapokea wageni wengine. Mounira na wenzake walikwenda uwanjani kwenye sufuria za wali. Mama Mudogo alisema amechoka, miguu ya safari, akabaki kwenye kiti barazani, kivulini, karibu na mwisho wa matao. Alikuwa anataka kuyatazama maji tu. Mounira alimwachia kikombe cha chai. Mchana mweupe. Ngoma zilikuwa zimenyamaza kwa ajili ya chakula, na kwa mara ya kwanza tangu afike, alisema, kulikuwa kimya kabisa.

Hapo ndipo alipoitwa.

"Mwavita."

Sauti ilitoka nyuma yake. Ndogo, kama ya mtu anayeogopa kuamsha wengine. Aligeuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

Sisi tunafundishwa tangu tukiwa wadogo: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Kaa kimya. Anayekuita hana njia ya kukufikia ila ile utakayompa kwa mdomo wako. Mama Mudogo alijua hilo kama anavyojua kupika bugali. Alifumba mdomo. Alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Mwavita wee."

Hakuitika. Nzi alitua kwenye chai. Kule uwanjani watoto walicheka, mbali, kama wako ng'ambo ya mto.

"Kasuku."

Aliniambia hivi, na hapa ndipo kisu cha kumenyea kilisimama mkononi mwake: "Soudi, wewe uko na muke, uko na watoto, unaitwa siku muzima. Hujui. Ile jina nilikuwa nimelisahau mpaka sauti yake. Nilikuwa nafikiri nitakufa bila kulisikia tena."

Aliitika. "Abee."

Mlango wa chumba cha mwisho ulikuwa wazi. Hakuuona ukifunguka. Ulikuwa wazi tu. Aliweka kikombe chini, akaingia.

Ndani mwanga ulikuwa mdogo, unatoka kwenye tundu za juu karibu na bati. Baridi ilimshika magotini. Vichwa vilikuwa mahali pake, kushoto na kulia. Sauti ilikuwa ukutani, upande wa mto, chini, kimo cha mtu aliyekaa.

"Kasuku. Uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

"Askari wako mulangoni?"

"Askari walienda zamani," alisema. Machozi yalikuwa yameanza. "Vita iliisha, Twaibu. Toka."

Kisha kikohozi. Kikavu.

"Usituongopee."

Alisikia neno hilo vizuri. Usituongopee. Lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kumtangulia, na miguu ikaufuata. Alipiga magoti mbele ya ukuta. Aliambiwa aweke mkono. Akaweka. Matofali yalikuwa na joto. Yalikuwa yanapanda na kushuka, polepole, kama mgongo wa mtu aliyelala.

"Twaibu," alinong'ona, "kama njo wewe, mama yako alikuwa anaitwaka nani?"

Alingoja, mkono ukiwa bado ukutani.

"Mama yako, Twaibu."

Kikohozi kilitoka upande wa kushoto. Kingine kulia. Kingine nyuma yake, kati yake na mlango.

"Hatujui," sauti ilisema. Haikuwa tena sauti ya Twaibu. Haikuwa ya mtu mmoja. "Hakumutaja mama yake. Alikuwa anakutaja wewe. Usiku, muchana. Kasuku, Kasuku. Sisi wote tulijifunza."

Mlango ulijifunga. Taratibu. Kama unafungwa na mtu mwenye adabu.

Mama Mudogo hakupiga kelele. Aliuliza neno moja tu, lile alilokuwa akiliuliza kwa miaka yote, bila kuwa na wa kumuuliza.

"Yeye iko wapi?"

"Alitoka."

"Alitoka kwenda wapi?"

"Kukutafuta."

Akasikia udongo ukisogea. Mlio mdogo, wa kidole kinachobonyeza kitu kilaini. Hakugeuza uso kuangalia mbao. Mkono ukawekwa begani kwake. Mwingine juu ya kichwa, juu ya kanga. Mwingine ukashika kiwiko. Haikuwa mikono ya nguvu. Ilikuwa mikono ya watu waliochoka, na ndiyo sababu ilikuwa mizito.

"Nafasi yake iko tupu," walisema. "Kaa. Sisi hatuna mwenye kutuita."

Alikimbilia mlangoni. Akaupiga kwa viganja. Akapiga. Akapiga. Aliliita jina langu, aliliita la Mounira. Sauti yake ilirudi kwake, imelowa, kama inatoka ndani ya mtungi.

Basi akafanya kilichobaki. Aliketi chini, hapo hapo, akainua mikono, akaanza kuwasomea Fatiha. Si kwa kuwafukuza. Aliniambia alikuwa amefikiri hivi: hawa ni wanaume wa mji wangu, na hakuna aliyewasomea. Alisoma taratibu. Katikati ulimi ulikwama, aya aliyoisoma tangu utotoni ikapotea. Na mdomo karibu kabisa na sikio lake, mdomo wenye pumzi ya baridi, ukamkumbusha neno lililofuata.

Akaendelea. Akamaliza.

"Amin," walisema wote pamoja, kutoka kila ukuta.

Tulimkuta alasiri. Tulikuwa tumemtafuta mtoni, sokoni, hata nyumbani. Chumba kile Godefroid alikuwa amekipita zaidi ya mara moja, kwa sababu kilikuwa kimefungwa na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Ni Mounira aliyesukuma mlango kwa kidole tu, akiwa anapita, akilia. Ukafunguka wenyewe, kama haujawahi kufungwa.

Mama Mudogo alikuwa ameketi sakafuni, ametuelekea. Viganja vyake vilikuwa vimevimba. Juu yake, kwenye mbao, vichwa vyote vilikuwa vimefunga midomo.

Godefroid aliviona kabla yangu. Alitoka, na tangu siku hiyo amekiacha chumba kile kwa popo.

Nilitaka abaki Kindu, tumwite mwalimu wa msikiti amsomee. Alikataa. Alikuwa na haraka ya ajabu. Njia nzima kwenda Lubutu, kwenye pikipiki, kwenye matope, kwenye vivuko, aliniuliza jambo moja: kama naweza kukimbia zaidi. Nilidhani anaogopa kilicho nyuma yetu. Niliogopa na mimi, nikakimbia.

Tulifika mchana, baada ya kulala njiani. Adolphine alitoka dukani kwake akakimbia kutulaki, akanivuta pembeni kabla sijazima pikipiki.

"Baba, muniambie ukweli," alisema kwa sauti ya chini. "Mama Mwavita alikuwa na mugeni?"

"Mgeni gani?"

"Tangu Ijumaa. Nilisikia mutu anatembea mule ndani. Nikabisha mulango. Akanyamaza. Nikaenda, akatembea tena."

Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli la Mama Mudogo, kama alivyoliacha. Alilifungua kwa ufunguo wake. Mlango haukusogea. Nilisukuma kwa bega. Ulikuwa umefungwa na komeo la ndani.

Tuliita. Adolphine alitaka kwenda kuwatafuta vijana wa mtaa, Mama Mudogo akamkataza. Nilizunguka nyuma, nikang'oa ubao wa dirisha, nikaingia. Chumba cha mbele kilikuwa kimefagiliwa. Hapakuwa na mtu. Niliangalia chini ya kitanda, nyuma ya pazia, darini. Hakuna. Nilitoa komeo kwa mkono wangu mwenyewe, na lilikuwa la moto kidogo, kama chuma kilichoshikwa muda mrefu.

Mama Mudogo aliingia, akasimama katikati ya nyumba yake. Alivuta pumzi. Kisha alifanya kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu nikiwa mtoto. Alianza kuzungumza. Alizungumza juu ya barabara, juu ya mitungi ya Mounira, juu ya bei ya chumvi, juu ya kuku. Hakuwa anazungumza na mimi.

Nilibaki siku chache. Alipika chungu kikubwa, akapakua sahani moja zaidi, akaifunika. Sikuona mtu akila. Sahani niliikuta imeoshwa. Hakuna sauti iliyomjibu, nasema kweli, wala mlango uliopigwa. Angalau kama kungekuwa na kelele ningejua la kufanya. Kulikuwa na mwanamke tu, mzima wa akili, anachekacheka peke yake jikoni, na mimi barazani na shanga za tasbihi mkononi.

Siku ya mwisho alikwenda kisimani. Niliingia chumbani kwake. Kitanda chake ni kipana, cha watu wawili, alichochongesha alipofika Lubutu akiwa bado na tumaini. Godoro ni la msufi. Upande wa mlango kulikuwa na bonde lake, dogo, la mtu anayelala amejikunja. Na upande wa ukuta, ambao miaka yote ulikuwa umejaa na kuinuka kwa sababu hakuna aliyeulalia, kulikuwa na bonde la pili.

Nililibeba godoro lile nje. Nililipiga fimbo juani mpaka msufi ukasambaa sawasawa, nikalirudisha, nikatandika shuka, nikaivuta ikawa tambarare kama meza. Nikatoka kunywa maji. Niliporudi bonde lilikuwa pale pale.

Nikafanya jambo ambalo sijui lilinijia vipi. Nililala ndani yake, kupima.

Baba Mudogo Twaibu nilimjua. Nilikuwa mtoto lakini nilimjua. Alikuwa mtu mfupi. Wakitembea pamoja, kichwa chake kilifika begani kwa mke wake, na watu walikuwa wakiwatania. Mimi si mfupi. Visigino vyangu viliishia kwenye godoro, na bonde likaendelea kupita nyayo zangu, likaendelea, mpaka ukingoni.

Mama Mudogo alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Sikujua amefika lini.

"Mama Mudogo," nilisema, "huyu si..."

"Najua kile unataka kusema," alinijibu, polepole. "Usikiseme humu ndani."

Alitua ndoo. Akaja akaninyanyua kwa mkono, kama unavyomnyanyua mtoto aliyekalia kiti cha mgeni.

"Hii nyumba ilikuwa tupu miaka mingi sana, mwanangu," alisema.

Kisha akainama, akanyoosha shuka upande wake peke yake. Upande wa pili aliuzunguka kwa kiganja, bila kuugusa, kwa uangalifu, na pale kiganja kilipopita niliona shuka ikishuka kidogo zaidi, kama mtu anajisogeza ukutani kumpa nafasi.